Barabara, bwawa na kalvati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima athari za tabianchi katika miradi ya umma Uganda

Majibu haya ni kwa diwani aliyeletewa ripoti nene usiku wa kuamkia kikao, kwa mhandisi wa wilaya aliyeambiwa "weka na kipengele cha tabianchi", na kwa mwananchi anayetaka kujua kwa nini barabara ya mwaka juzi imeshabebwa na maji.

Tathmini ya athari za tabianchi inapima nini hasa?

Mambo mawili yanayokwenda pande tofauti. La kwanza ni kile ambacho mradi utaifanyia tabianchi: gesi joto, yaani zile zinazopasha dunia joto kama hewa ukaa, zitakazotoka wakati wa kujenga, kuendesha na kutumia kitu hicho kwa miaka yote ya uhai wake. La pili ni kile ambacho tabianchi itaufanyia mradi: mafuriko, ukame, maporomoko, joto. Ripoti nyingi hulipamba la kwanza kwa majedwali, kisha la pili likapewa aya mbili na ahadi kwamba "mifereji ya kutosha itajengwa". Kwa Uganda ningegeuza uzito huo. Pesa zetu nyingi za miundombinu zinapotea kwenye maji.

Si ndiyo ile ripoti ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira?

Zinakutana, lakini hazilingani. Ripoti ya athari kwa mazingira na jamii, inayotakiwa na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, inaangalia hasa eneo la mradi: vumbi, kelele, watu watakaohamishwa, chanzo cha maji kilicho karibu. Gesi joto hazina mtaa. Hewa ukaa inayotoka Tororo na ile inayotoka Shanghai zinaingia angani kwa pamoja. Halafu ripoti ya mazingira kwa kawaida huchukua hali ya hewa kama ilivyo leo, wakati daraja litakaa pale hadi wajukuu wetu wazeeke.

Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 ndiyo iliyoleta wajibu mpana zaidi kwa wizara na serikali za wilaya kuingiza suala hili katika mipango na bajeti. Kwa hiyo afisa akikwambia "NEMA walishapitisha", muulize walipitisha nini. Cheti cha mazingira hakithibitishi kwamba kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, lina upana wa kutosha.

Uganda inachafua kidogo sana. Kwa nini tujisumbue kuhesabu?

Swali la haki, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira. Katika mchango wake wa kitaifa chini ya Mkataba wa Paris, uliosasishwa mwaka 2022, Uganda ilikadiria utoaji wake kuwa takriban tani milioni 90 za gesi joto kwa mwaka 2015, na sehemu kubwa ilitokana na kilimo, mifugo na ukataji wa misitu. Ahadi ni kupunguza kwa asilimia 24.7 ifikapo 2030, ukilinganisha na jinsi mambo yangekwenda bila hatua zozote. Viwango hivyo ni vidogo mbele ya nchi zilizojijenga kwa makaa ya mawe.

Sababu ya kuhesabu ni kwamba miundombinu hufunga njia kwa muda mrefu. Ukijenga mji ambao mtu hawezi kwenda kazini bila taksi au bodaboda, umeamua bili ya mafuta ya petroli ya miaka 40 ijayo, na mafuta hayo tunayanunua kwa dola. Sababu ya pili haina heshima sana lakini ni ya kweli: wakopeshaji wakubwa wanaitaka hesabu hiyo. Ni afadhali tuifanye wenyewe na kuielewa kuliko kuletewa na mshauri aliyeshuka Entebbe jana.

Hesabu ya gesi joto inafanywaje?

Kuna tabaka tatu. Ujenzi: saruji, nondo, lami, dizeli ya mitambo, misitu inayofyekwa. Uendeshaji: umeme na mafuta yanayotumiwa na mradi wenyewe. Matumizi: magari yatakayopita, kiwanda kitakachounganishwa, taka zitakazooza dampo.

Kila kitu huzidishwa kwa kiwango chake cha utoaji. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa. Kwa hiyo kituo cha afya kinachoendesha pampu ya maji kwa lita 10 za dizeli kwa siku kinatoa karibu tani 9.8 kwa mwaka, na hapo umeshapata hoja ya kuweka sola bila kuajiri mtaalamu. Tani moja ya saruji hutoa kiasi cha tani 0.6 za hewa ukaa, kutegemea kiwanda na mchanganyiko, kwa sababu mawe ya chokaa yakichomwa huachia gesi hiyo hata kama tanuri lingekuwa la umeme. Methani huhesabiwa kuwa na nguvu ya takriban mara 28 ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100, na ndiyo maana dampo na majitaka haviwezi kuachwa nje ya hesabu.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kujumlisha tu. Ugomvi uko kwenye swali linalofuata.

"Ukilinganisha na nini?" Kwa nini kila mtu anagombania hilo?

Kwa sababu faida ya mradi ni tofauti kati ya hali yenye mradi na hali isiyo na mradi, na hiyo ya pili haipo popote. Mtu ameibuni mezani.

Chukua reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ambayo mkataba wake na kampuni ya Yapi Merkezi ulitiwa saini Oktoba 2024. Itakuwa ya umeme, na umeme wetu kwa sehemu kubwa unatokana na maji, hivyo kila kontena likihama kutoka kwenye treila kwenda kwenye behewa, dizeli inaokolewa. Lakini ni makontena mangapi yatahama? Ukisema nusu, hesabu inang'aa. Ukisema sehemu ndogo, kwa sababu upande wa Kenya haujaunganishwa au bei ya reli ni ya juu, basi zege na chuma cha ujenzi vitachukua miaka mingi kulipwa. Na ile hali isiyo na mradi: je, malori yatabaki mabovu yaleyale hadi 2060, au yatakuwa yamebadilika? Anayetaka mradi huchagua malori mabovu. Anayeupinga huchagua malori mapya. Wote wanaweza kuwa wakweli.

Ninachoshauri ni kudai hali isiyo na mradi zaidi ya moja, na matokeo ya kila moja, katika jedwali hilohilo. Ripoti yenye jibu moja pekee, tena la hadi tarakimu mbili baada ya nukta, isomwe kwa mashaka.

Barabara zina mtego wake. Lami mpya hupunguza foleni, na gari lisilosimama-simama hula mafuta kidogo. Hilo ripoti zote zinaandika. Kisichoandikwa sana ni kwamba barabara nzuri huleta magari mapya na kusogeza makazi mbali na mji. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, kilomita 51, ilifunguliwa mwaka 2018, na anayepita pembeni mwake anaona jinsi viwanja na nyumba vinavyoifuata.

Umeme wetu unatoka majini. Si tumeshamaliza kazi?

Nusu. Mtambo wa umeme wa Nalubaale uko Jinja tangu 1954, ukafuatiwa na Kiira, Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012, Isimba ya megawati 183 mwaka 2019, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa Septemba 2024. Bwawa linalozamisha msitu hutoa methani kadiri miti inavyooza chini ya maji, lakini Karuma haina ziwa kubwa nyuma yake; maji yanaingia kwenye mtambo ulio chini ya ardhi na kurudi Nile kupitia mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 8. Kwa upande wa gesi joto, hilo ni jambo jema.

Angalia sasa upande wa pili. Mitambo yote hiyo imepangwa foleni kwenye mto mmoja unaotoka ziwa moja. Mwaka 2005 na 2006 Ziwa Victoria lilishuka, kwa ukame na pia kwa maji mengi yaliyopitishwa mitamboni. Umeme ukagawiwa kwa zamu, na serikali ikakodi mitambo ya dizeli. Ukame mmoja uligeuza gridi safi kuwa gridi ya moshi, tena kwa bei iliyowaumiza wote. Kisha Mei 2020 ziwa likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavunja rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964, na mialo, gati na nyumba za pwani zikaingia maji. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kisiwa cha magugu kilichong'olewa na maji kilielea hadi kwenye bwawa la Jinja na nchi nzima ikakosa umeme. Wazee wanaokumbuka mvua za 1961 hadi 1964 hawakushangaa.

Kwa hiyo tathmini ya mtambo mpya kwenye Nile ikijisifu kwa tani za hewa ukaa zilizoepukwa bila kusema itafanya nini ziwa likishuka tena, haijakamilika. Megawati 10 za sola za Soroti ni kidogo mbele ya Karuma, ila hazisubiri ziwa lijae.

Mhandisi amesema daraja limesanifiwa kwa "mafuriko ya miaka 50". Maana yake litakaa salama miaka 50?

Hapana, na hapa ndipo madiwani wengi wanapotea.

Maana yake ni kwamba katika mwaka wowote kuna uwezekano wa asilimia 2 wa mafuriko makubwa kiasi hicho au zaidi. Ukikaa miaka 50 ukirudia bahati nasibu hiyo kila mwaka, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 64. Daraja la "miaka 50" lina nafasi kubwa zaidi ya kuzidiwa kuliko ya kutozidiwa ndani ya uhai wake. Hata ukisanifu kwa mafuriko ya miaka 100, bado unabaki na karibu asilimia 40.

Na hayo ni kama mvua haibadiliki. Kiwango cha asilimia 2 kimetokana na rekodi za zamani, na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke. Mvua ileile iliyokuwa ya miaka 50 inaanza kuja mara nyingi zaidi.

Mei 2023 mto Katonga uliikata barabara kuu ya Kampala–Masaka. Magari ya kwenda Mbarara, Kabale na hadi Rwanda yalilazimika kuzunguka kupitia Gomba na Sembabule. Fikiria dizeli ya ziada iliyoungua kwa malori hayo yote, ndizi zilizooza njiani, nauli zilizopanda. Hiyo ni athari ya tabianchi ya mradi wa umma, ya pande zote mbili kwa mpigo, na haionekani katika ripoti za barabara kwa sababu zinahesabu barabara ikiwa nzima.

Kasese ni mfano mwingine. Mto Nyamwamba ulifurika 2013, ukafurika tena 2020, ukibeba mawe makubwa kutoka Rwenzori, na hospitali ya Kilembe ikaumia mara zote mbili. Tathmini ya kujenga upya kando ya mto kama huo inapaswa kuanza na swali ambalo hakuna mwanasiasa anayelipenda: kwa nini hapo?

Ardhi oevu zinaingiaje katika hesabu?

Zinapaswa kuingia mara mbili, na kwa kawaida haziingii hata mara moja. Mafunjo yaliyooza kwa karne nyingi yamehifadhi kaboni kwenye udongo. Ukikausha bonde ili upitishe tuta la barabara au ujenge kiwanda, kaboni hiyo inaanza kutoka kama gesi. Pia ardhi oevu hupokea maji ya mvua na kuyaachia polepole. Ukiijaza udongo, maji yanatafuta pengine pa kwenda, na Kampala pengine hapo ni Bwaise, Kalerwe na Clock Tower.

Ardhi oevu zilikuwa zimefunika asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994. Kufikia 2019 zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 8.9. Katiba, ibara ya 237, inaitaka serikali izishike kwa niaba ya wananchi. Lakini ardhi hizo ni rahisi kwa mpangaji wa barabara: hazina nyumba nyingi za kufidia. Fidia ndogo inaonekana kama akiba katika bajeti. Gharama inahamia kwa mama muuza mboga wa Bwaise anayetoa maji ndani kwa ndoo kila msimu, na yeye hayumo kwenye jedwali la nani analipa.

Bomba la mafuta je? Ripoti inasema linatoa kidogo, wanaharakati wanasema linatoa sana.

Wanahesabu vitu tofauti. Bomba la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na litapashwa joto hadi kama nyuzi 50 kwa sababu mafuta yetu huganda. Ukihesabu ujenzi na uendeshaji wa bomba peke yake, namba ni ndogo. Ukihesabu mafuta yenyewe yatakapochomwa na wanunuzi: pipa moja ni takriban tani 0.43 za hewa ukaa, na kwa mapipa 216,000 kwa siku, uzalishaji ukiwa kileleni, unapata karibu tani milioni 34 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya utoaji wote wa Uganda wa 2015.

Anayesema mafuta hayo yangechimbwa kwingine hata tusipoyachimba ana hoja, lakini ni hoja ya kujadiliwa waziwazi pamoja na namba zake. Kuziacha tani milioni 34 nje ya ripoti kisha kutangaza mradi ni "wa kaboni ndogo" si hesabu.

Tani zinageuzwaje kuwa shilingi?

Kwa kuipa kila tani bei. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliwaelekeza wachumi wake watumie dola 40 hadi 80 kwa tani kwa mwaka 2020, ikipanda hadi dola 50 hadi 100 kufikia 2030. Bei hii hailipwi na mtu. Huwekwa kwenye hesabu ili miradi ilinganishwe.

Lakini kwa miradi yetu, kinachoamua zaidi ni kiwango cha punguzo, yaani jinsi tunavyoishusha thamani ya pesa za kesho. Hasara ya mafuriko ya shilingi milioni 100 itakayotokea baada ya miaka 30, ukitumia asilimia 12, leo inaonekana kama milioni 3.3 tu. Ukitumia asilimia 4, inakuwa karibu milioni 31. Daraja ni lilelile, mto ni uleule. Kiwango kikubwa kinaua kila hoja ya kujenga imara, kimyakimya, ndani ya selo moja ya jedwali la kompyuta. Omba uonyeshwe selo hiyo.

Kujenga kwa kuzingatia tabianchi si kutaongeza gharama?

Kidogo, ikifanywa mapema. Benki ya Dunia mwaka 2019 ilikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea nyongeza ni takriban asilimia 3 ya uwekezaji, na kila dola moja inarudisha wastani wa dola nne. Sisemi kila mradi wa Uganda utafikia wastani huo. Ninachosema ni kwamba kupanua kalvati likiwa kwenye karatasi ni bei ya kalvati pana. Kulipanua baada ya tuta kukatika ni bei ya barabara.

Nani anaiandaa, na je, tumwamini?

Mhandisi mshauri, anayelipwa na mwenye mradi. Wengi ni watu makini. Lakini sijawahi kuona mshauri akipewa kazi ya pili baada ya kuandika kwamba mradi usijengwe. Ndiyo maana hatua muhimu ni ya awali: Wizara ya Fedha huuchambua mradi tangu wazo, kisha upembuzi wa awali, kisha upembuzi yakinifu. Tathmini ikija kwenye wazo, inaweza kubadilisha njia ya barabara. Ikija mkandarasi akiwa ameshaleta greda, kazi yake ni kupendekeza miti ya kupandwa.

Wilaya yetu haina pesa za washauri. Tufanyeje kwa miradi midogo?

Usitafute programu ya kompyuta. Kabla ya kuchora kalvati, tembea juu na chini ya mto na wazee wa hapo, pamoja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), uonyeshwe maji yalifika wapi 1961, 1997 na 2020. Alama kwenye ukuta wa kanisa au mti wa mwembe mara nyingi ina ukweli zaidi kuliko rekodi ya kituo cha mvua kilicho mbali. Angalia nini kimebadilika juu ya mto tangu hapo: msitu uliofyekwa, mashamba ya mpunga, mchanga unaochimbwa. Tenga bajeti ya kuzibua mifereji kabla ya Machi na kabla ya Septemba, maana kalvati pana lililoziba halina tofauti na lisilokuwepo. Hesabu ya gesi joto kwa mradi wa kalvati tatu unaweza kuiacha.

Ninawezaje kuiona ripoti ya mradi unaopita kwetu?

Andika barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, upeleke kwa taasisi yenye mradi na nakala NEMA. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kukiwa na kikao cha kusikiliza wananchi, nenda na maswali ya namba, si ya hotuba: mmetumia mafuriko ya miaka mingapi? Rekodi za mvua ni za mwaka gani hadi gani? Hali isiyo na mradi ni ipi? Kiwango cha punguzo ni asilimia ngapi? Maji yatakayozuiwa na tuta yatakwenda kwa nani? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Sheria ya 2021 pia inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya hatua zinazohatarisha juhudi za kukabili mabadiliko ya tabianchi, na kesi ya namna hiyo huanza na karatasi ulizonazo mkononi.

Mradi ukishakamilika, kuna anayerudi kuhakiki?

Mara chache mno. Ripoti inaahidi magari kadhaa kwa siku na tani kadhaa zilizookolewa, utepe unakatwa, na faili linafungwa. Weka sharti katika mkataba wenyewe: kuhesabu magari, umeme uliotumika na uharibifu wa maji mwaka wa tatu na wa kumi, matokeo yatangazwe, na bajeti ya kazi hiyo itengwe siku ya kusaini.